Ncoolo Kwenye Ukuta wa Baharini

Muthamia wa Muthara alikuwa amekasirika tangu Mtito Andei, na alipofika Mombasa hasira yake ilikuwa imeiva. Mtu anakwenda kumposea mwanawe, amevaa koti lake la maana, halafu mwenye binti anampigia simu njiani: "Mzee, usikuje nyumbani. Tupatane Mama Ngina, hapo kando ya bahari. Tutembee kidogo, tukule viazi karai." Viazi! Kwani yeye ni mtalii?

Miaka sitini ameishi katikati ya miti ya miraa aliyoachiwa na babu yake. Mkewe alipofariki, alilea watoto wanne peke yake. Hajawahi kuzungumza jambo zito akiwa amesimama, na ukimwudhi utaambiwa papo hapo. Kwapani alibeba ncoolo, kitita cha miraa teule kilichoviringishwa kwa majani ya mgomba. Aliichuma kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya mwanawe Mutuma na huyo Kanana wake.

Kathuri, babake Kanana, alimfikia akiwa amevaa kaptura. Kaptura, siku ya posa! Alitoka Muthara akiwa kijana kutafuta kazi bandarini, na Kimeru chake kilikuwa kimechakaa hata ikabidi waongee Kiswahili.

"Karibu pwani, Baba Mutuma. Hapa ni pa zamani sana. Unaona ile magofu? Ngome ya Wareno."

Muthamia hakuwa na haja na Wareno. Walitembea wakipishana na wapenzi waliokuwa wakijipiga picha, mpaka kwa muuza viazi. Kathuri aliagiza sahani mbili, akamimina pilipili ya ukwaju. Muthamia alikataa yake. Alisimama wima, akamkabidhi ncoolo kwa mikono miwili.

"Ah! Umeniletea miraa ya nyumbani! Asante sana!"

Kathuri akaiweka juu ya ukuta, kando ya sahani. Akararua jani la mgomba, akachomoa vijiti, akaanza kutafuna. Vingine akampa muuza viazi. "Jaribu hii, bwana. Ya kwetu."

Muthamia aliona giza. Ncoolo haifunguliwi ovyo. Mwenye binti huifungua ameketi na wazee wake, na akishatafuna, amekubali. Asipotaka, huirudisha ilivyokuja, imefungwa. Na huyu, shavu limevimba miraa, ndiyo kwanza akaanza kumkatalia posa:

"Sasa, kuhusu Kanana. Kusema ukweli, hiyo maneno sioni kama itawezekana. Kijana wako ni mtu wa shamba, na huyu msichana nimesomesha..."

"Unatafuna nini?"

"Si miraa?"

"Hiyo ni ncoolo, wewe Kathuri!"

Taya la Kathuri likasimama. Alitazama lile jani lililoraruka, akamtazama muuza viazi, na ilionekana wazi kwamba alikuwa amekumbuka, tena kwa kuchelewa.

"Woi. Kwa hivyo nimekubali?"

Neno moja tu lilihitajika. Shahidi alikuwapo, mikono imejaa mafuta, na huko kwao Meru, hakuna mzee Tigania nzima ambaye angebisha. Mutuma angepata mke kabla jua halijatua. Muthamia alilihisi neno lenyewe kwenye ncha ya ulimi, na hapo ndipo alipokasirika kuliko alivyokuwa amekasirika siku nzima. Alimkasirikia Kathuri kwa kumtoa binti yake kama mtu anayeonja kachumbari. Alijikasirikia mwenyewe kwa kutamani.

Akavizoa vijiti vyote, hata vilivyokuwa mkononi mwa muuza viazi, akavifunga tena katika jani lake bovu.

"Mwanangu haozwi kwa makosa. Mama yako angali hai pale Muthara. Utakuja, uvae suruali, uketi mbele yake, nikuletee nyingine."

"Na nikikataa?"

"Kataa!" Muthamia alifoka, watu wakageuka. "Lakini ukatae kama Mmeru, ukijua ni nini unakataa."