Bandama

Miaka ishirini fundi wa maabara alikuwa akikata bandama la ng'ombe vipande vyembamba, akiwaonyesha wanafunzi kwa hadubini nyufa za mishipa ambamo kila chembe ya damu hujibana ili ipite. Asubuhi moja tumbo la mjukuu wake, mgonjwa wa selimundu, lilivimba ghafla wodini.

"Baba, damu waliyomwongezea jana imekwenda wapi?" binti yake aliuliza.

Alimgusa mtoto chini ya mbavu za kushoto. "Imo humu, mwanangu. Chembe zilizopinda zimeziba nyufa, haitoki."

"Si ndiyo kazi yako? Zizibue basi!"

Fundi akakimbilia benki ya damu, mkono wa shati umeshapandishwa. "Chukueni yangu!"

Waliichukua. Mtoto hakuisubiri.