Maneno ya Chemchemini

Nilipoolewa Nshamba, enzi za Waingereza, nilikuta watu na ng'ombe wanakunywa mahali pamoja. Chemchemi yetu ilikuwa chini ya kilima, na masika yakianza inakuwa tope tupu. Watoto waliharisha, wengine tukawazika. Mtoto wangu wa pili alikuwa mmoja wao.

Baada ya msiba ule nilikwenda kwenye baraza la mkungu, mkuu wa kijiji chetu, nikasimama. Wanawake hatukuwa tukisimama pale. Tulikaa nyuma kwenye majani, tukasikiliza. Nilisema tuijengee chemchemi ukuta wa mawe, tuweke uzio, na ng'ombe wachimbiwe birika lao huko chini. Wenye ng'ombe waliguna. Mkungu akasema, "Kama nyinyi wanawake mnataka, jengeni. Ila ruhusa kaitafute gombolola."

Basi nikawa mtu wa kwenda gombolola, ofisi iliyosimamia vijiji vyote vya kwetu. Mume wangu hakupinga. Aliyekufa alikuwa mtoto wake pia. Karani wa pale alikuwa kijana mwenye adabu kutoka Bukoba mjini. Siku moja mvua kubwa ilinikuta kwake, akaniazima koti lake nijifunike hadi nyumbani. Njiani sikukutana na mtu, mvua ilikuwa imewafungia wote ndani. Mume wangu alikuwa amepeleka kahawa Bukoba. Kesho yake nikalirudisha koti, na habari yake nilimsimulia mtu mmoja tu, jirani yangu, ambaye kibanja chake cha migomba kilipakana na changu.

Kumwita jirani ni kumpunguza. Tulizaa msimu mmoja, na nilipougua mwanangu alinyonya kwake. Mchana huo tulikuwa jikoni kwake tukimenya ndizi. Nilimwigiza karani alivyobaki mlangoni amejikunyata kwa baridi, tukacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi.

Ruhusa ilipatikana. Tukabeba mawe vichwani kutoka gengeni, Walutheri na Wakatoliki pamoja, na ukuta ukaanza kuinuka. Kisha asubuhi moja nikajikuta peke yangu pale. Nilingoja hadi jua likawa kali. Akapita bibi mmoja na kibuyu chake, nikamwuliza wenzangu wako wapi.

"Waume zao wamewakataza, mwanangu," alisema bila kunitazama. "Wanasema kilichokuwa kinakupeleka gombolola si maji. Wanasema ulirudi umevaa koti la karani."

Nikakaa juu ya mawe. Wangesema nina majivuno, wangesema najifanya mwanamume, ningejua yametoka kwa wenye ng'ombe. Lakini koti!

Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yangu. Alikuwa akitandaza majani mapya sakafuni.

"Habari ya koti ulimwambia nani?"

Hakujifanya haelewi. "Waliniuliza," alisema. "Kila tunapokutana, msibani, harusini, wananiuliza wewe unafuata nini gombolola. Nikasema kidogo tu."

"Kwamba nimelala naye?"

"Hilo waliongeza wao."

"Na wewe ukawakatalia?"

Aliendelea kunyoosha majani yaliyokuwa tayari yamenyooka. "Walikuwa wananisikiliza," akasema. "Wewe ukisimama watu wote wanakaa kimya. Mimi nani alishawahi kunisikiliza?"

Nilitoka bila kuaga. Nyumbani nilimkuta mume wangu amekwisha kusikia. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini yeye alisimuliwa na mimi sikusimuliwa?" Nilijibu kwamba sikuliona kuwa jambo. Hata masikioni mwangu jibu hilo lilisikika vibaya. Kuanzia siku hiyo sikuruhusiwa kwenda barazani wala kwenye kazi ya mawe.

Ujenzi wa chemchemi ulimalizika wakati wa mavuno ya kahawa. Wanawake walikuwa wameruhusiwa kurudi kazini, na mkungu alikuwa amemweka jirani yangu awasimamie. Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya, alipokuja kutoka Bukoba kuitazama, jirani yangu ndiye aliyesimama mbele, akieleza jinsi mawe yalivyopangwa na ng'ombe walivyotengewa mahali pao, na watu wote wakiwa kimya. Nilimsikia nikiwa juu kibanjani. Maneno aliyoyatumia yalikuwa yangu, niliyokuwa nimeyazungumza jikoni kwake kabla sijayapeleka kwa mkungu.

Maji yalikuwa safi, hilo sitalikana. Watoto niliozaa baadaye walikua wote, na wake pia.

Tuliishi jirani miaka mingi baada ya hapo. Kila asubuhi tulikutana pale tukiteka maji, akanisalimia, nami nikamwitikia kwa heshima. Aliponiuliza watoto wanaendeleaje, nilimjibu hawajambo, hata siku nilizowaacha ndani wakiungua kwa homa.