Ng'ombe wa Kakesio na Vifaru vya Poland

Mwanangu aliponionyesha ile treni kwenye simu nilikuwa namenya viazi, jikoni kwenye hoteli ya wageni ninakopika, juu ya mji wa Karatu, kwenye barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Yeye anaishi mji mdogo huko Poland. Alikwenda kusomea uuguzi, akaajiriwa, akaolewa huko huko. Aliinua simu juu ya uzio wa reli ili nami nione. Vifaru vilikuwa vimepakiwa kwenye mabehewa ya wazi, kimoja nyuma ya kingine, vimefungwa minyororo, mvua ikivinyeshea. "Wamarekani wanaondoka, mama," akasema. "Wanarudisha vifaru kwao." Mjukuu wangu alikuwa mgongoni mwa mama yake, amebebwa kwa kitenge nilichowatumia mimi, anavipungia mkono.

Nikamuuliza nani anabaki kuwalinda. Akasema tunabaki wenyewe, na nchi za jirani, na mkataba wa kulindana. Ukraine iko pale pale ng'ambo ya mpaka, na huko Mrusi alishaingia na vifaru vyake. Mkwe wangu ni fundi umeme, lakini pia ni askari wa akiba. Likitokea la kutokea, ataitwa mapema.

Nilikasirika. Mwingine angesema aliingiwa na simanzi. Mimi nilikasirika mpaka nikajikata kidole, viazi vya wageni vikaingia damu, nikavimwaga vyote. Msimamizi akauliza kuna nini. Nikamwambia akaulize Marekani.

Lazima nieleze, maana wenzangu wa jikoni waliponiona nimenuna walinicheka sana. Mama wa Kimbulu, shamba lake la maharage ya ngwara na mahindi, anagombana na Marekani kwa ajili ya vifaru vya Wazungu! Wanajeshi wale walipofika kwenye mji wa mwanangu, yeye mwenyewe hakuwapenda. Alilalamika kwamba wanabomoa lami, wanamaliza bia madukani, wanamwamsha mtoto. Mimi nilikuwa nawaombea kanisani. Kila tulipopigiana simu, kabla sijauliza kikohozi cha mtoto, nilikuwa nauliza: vifaru vipo? Siku moja alicheka akasema, "Mama, unaviulizia kama ng'ombe." Nikamwambia ndiyo, ni ng'ombe wale. Alinielewa, kwa sababu amekua akisikia habari za ng'ombe wa Kakesio.

Baba yangu alikuwa na rafiki Mmaasai wa Kakesio, kule juu upande wa Ngorongoro. Sisi tuliishi upande unaoteremka kuelekea ziwa Eyasi, na kila baada ya mavuno mzee yule alishuka na mifugo yake ikala mabua shambani kwetu. Alipoondoka, punda wake walibeba mahindi na maharage. Sisi tulibaki na mafuta ya kondoo na samadi. Urafiki wao haukuwa wa maneno matupu. Mtamba wetu mmoja alikaa kwenye boma lake Kakesio, na mtamba wake mmoja alikaa kwetu. Wamaasai huuita urafiki wa namna hiyo osotua, neno lile lile wanaloitia kamba ya kitovu inayomfunga mtoto na mama yake.

Ng'ombe yule hakuwekwa kwa ajili ya maziwa. Aliwekwa ili kila mmoja awe na chake kwa mwenzake, moto ukiwaka kule na wewe uungue. Wezi wa mifugo walipochukua ng'ombe upande wa Kakesio, walikuwa wanawateremsha kuelekea ziwani, na vijana wa kwetu ndio waliokuwa wakiwazibia njia. Walitoka na pinde zao bila kubembelezwa, kwa sababu kundi lile lilikuwa na ng'ombe wetu ndani. Wezi walilijua hilo, wakaliruka boma la yule mzee wakaenda kwingine.

Mwaka mmoja zikavuma habari kwamba wezi wamerudi, na safari hii wana bunduki. Baba akaenda Kakesio akamtoa ng'ombe wetu. Alisema anakaribia kuzaa, anataka azae nyumbani. Alisema urafiki upo palepale. Mzee wa watu akamsaidia kufunga kamba, akamsindikiza hadi kwenye korongo. Ng'ombe alifika kwetu akakaa msimu mzima wa kiangazi bila kuzaa, maana hakuwa na mimba.

Haukupita muda wezi wakaja. Kijana wa Kakesio alikuja mbio akipiga yowe hadi uani kwetu, akasema njia wanayopita. Wanaume wakakusanyika na pinde zao. Mmoja akauliza, "Kwani sisi tuna nini kule?" Walimtazama baba, na baba alikuwa anatazama chini, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja kurudi mashambani. Yule kijana akapewa uji. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, mimi ndiye niliyempa huo uji, na sijawahi kuona aibu kama ile.

Baadaye yule mzee alikuja mwenyewe kwa miguu. Kundi lake lilikuwa limekwisha. Sote tulijua amekuja kumchukua ng'ombe wake aliyekuwa kwetu, ilikuwa haki yake, na baba alikuwa amekwisha kushika kamba. Mzee akaingia zizini, akamkuna ng'ombe nyuma ya sikio, akauliza kama ndama wake wa mwisho ananyonya vizuri. Akanywa chai. Akaaga, akaondoka, akamwacha ng'ombe palepale. Baba alibaki amesimama na kamba mkononi. Sikumsalimia baba yangu kwa muda mrefu baada ya siku ile, na kwa mila zetu hilo si jambo dogo. Uzao wa ng'ombe yule ninao mimi zizini hadi leo.

Kwa hiyo vifaru vile havikuwa chuma kwangu. Walikuwa ng'ombe wa Mmarekani kwenye boma la mwanangu, na sasa mwenyewe amekuja na kamba.

Siku chache baada ya ile simu, hotelini tukapokea mgeni, mama wa Kimarekani wa rika langu. Alikuwa ameshuka kreta ya Ngorongoro asubuhi akaona faru, na jioni aliomba afundishwe kupika chapati. Wageni wengi hupenda hilo, na mimi ndiye hupewa kazi hiyo kwa sababu Kiingereza changu kinatosha. Alikuwa mtu mzuri, alinawa mikono bila kuambiwa na aliniita mama. Tukiwa tunakanda unga akasema ana furaha kubwa mwaka huu, kwa sababu mwanawe anarudi nyumbani. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema Poland, ni mwanajeshi, anaendesha kifaru.

Niliendelea kukanda. Akafuta mkono, akanionyesha picha ya kijana mwenye mashavu mekundu amesimama mbele ya kifaru, theluji imefika kwenye buti. Nikamwambia nina binti huko. Alifurahi, akataka kunikumbatia na unga wake. Nikamwambia binti yangu amekiona kifaru hicho kikiondoka, na sasa mbele ya nyumba yake hakuna kitu.

Akasema, "Lakini ahadi ipo, mama. Wakivamiwa, tutarudi."

"Mtarudi lini?" nikamuuliza. "Kabla au baada?"

Akarudi kukanda unga. Nikamwambia kwetu tunasema ahadi ni deni, na deni halikai mfukoni mwa mtu aliyekwenda zake. Nikamwambia mengine ambayo mpishi hatakiwi kumwambia mgeni. Kwamba walikaa pale miaka watu wakawazoea, wakajenga nyumba, wakazaa watoto, kwa kuwa waliwaona wao wapo. Kwamba mtu ambaye hakuja kabisa ni afadhali kuliko anayekuja, akafanya ulegeze mlango, kisha akaondoka. Sauti yangu ilikuwa juu, na chapati ilikuwa inaungua kwenye kikaango.

Yeye hakupandisha sauti. Alisema mwanawe amekosa kuzaliwa kwa mtoto wake wa kwanza kwa sababu ya kulinda watoto wa watu wengine. Alisema anawaonea huruma watu wa Poland, lakini wana vijana wao. Halafu akaniuliza, polepole kabisa, "Wewe ungeweza kumtoa binti yako kule leo, usingemtoa?"

Nikasema ningemtoa leo hii.

"Basi," akasema.

Nilimpa ile chapati iliyoungua. Aliila yote, akashukuru, na hilo likanikera zaidi.

Maana alikuwa ameligusa lenyewe. Nilikuwa nimekwisha kupanga. Nilikuwa nimepaka chokaa chumba cha nyuma nyumbani, nimeshona godoro dogo, na mtu wa hospitali ya huku alikuwa ameniambia muuguzi aliyesoma Ulaya hakosi kazi. Jumapili baada ya ibada nilimpigia mwanangu. Nikamwambia amlete mtoto. Yeye na mumewe wataamua yao, lakini mtoto aje kwangu kwanza, mambo yakitulia atarudi.

Yeye akaigeuza simu kuelekea dirishani. Niliona kamba ya nguo kwenye ua wao mdogo, na kitenge changu kimeanikwa, peke yake, kwenye baridi ile.

"Mama, unaona kile kitenge? Hapa mtaani kila mtu anakijua. Wanajua nikikianika mtoto yupo. Yule jirani wa kushoto alipeleka watoto wake Ujerumani kwa dada yake. Kesho yake wa mbele yake naye akapeleka. Sasa wanaobaki wananiangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mgeni, na wote wanajua nina pa kukimbilia. Mama mkwe kila asubuhi anachungulia kama kipo."

Nikamwambia hayo ya mama mkwe hayanihusu. Nikamwambia mtoto si wa mtaa.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," akasema. "Umemkasirikia babu maisha yako yote. Umemkasirikia Mmarekani. Sasa unataka nimtoe wa kwangu, niseme tu anakwenda kumsalimia bibi, na urafiki upo palepale? Mkuki kwa nguruwe, mama."

Nilimfokea. Nilimwambia ng'ombe ni ng'ombe na mtoto ni mtoto, na kwamba hadithi za zizini hazizuii risasi. Nilimwambia nitakuja kumchukua mwenyewe, mimi ambaye sijawahi kupanda ndege. Nilisema maneno mengi, mpaka mjukuu akatokea mbele ya simu akaniita aama, ndivyo sisi Wambulu tunavyomwita bibi kwa lugha yetu ya Kiiraqw, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwa nini napiga kelele. Nikasema sipigi kelele.

Nilikata simu nikaenda zizini. Nilikaa huko mpaka hasira ikashindwa kupanda zaidi, lakini haikushuka. Yule ng'ombe wa uzao wa Kakesio alikuwa anatafuna tu. Nilimtazama nikajua kwamba ningeweza kumlazimisha mwanangu. Ningesema naumwa, angekuja na mtoto, na nikishampata mikononi nisingemwachia. Baba naye alisema ng'ombe ana mimba.

Sikusema naumwa. Mpaka leo sijasema, na kila habari mbaya ikitoka kule nauma ulimi. Sijamsamehe Mmarekani, na yule mama wa chapati akirudi nitamwambia tena yale yale, ingawa safari hii nitaangalia kikaango. Na mwanangu pia sijamsamehe, kwa kunishinda kwa mdomo wangu mwenyewe.

Siku ya mnada Karatu niliwahi kabla umati haujajaa. Nilipita kwenye vitenge vya kahawia na vya bluu iliyopauka, muuzaji akavisifia sana, akisema havionyeshi uchafu. Kile cha kwanza nilichomtumia mwanangu kimekwisha kuchakaa kwa kuanikwa. Nikachagua chekundu chenye maua makubwa ya njano, kinachoonekana hata ukiwa mbali, nikamwambia anifungie vizuri kwa sababu kinakwenda Poland.