Mlango Mmoja kwa Timu Mbili

Cheka kabisa kwanza, umalize, ndipo nikueleze, maana mimi nimeshachekwa na watu wenye vuvuzela na sidhani kicheko chako kitaniongezea kitu. Mimi ndiye yule mzee aliyevunja ukuta wake mwenyewe pale uwanja wa Nyakahura akiwa amejifunga kitenge cha mkewe. Ndiyo, ni mimi. Wanaosema nilikuwa nimelewa wanasema uongo, wanaosema mimi ni mganga wanasema uongo mkubwa zaidi, na ukweli wenyewe mpaka leo sijaushika vizuri, lakini nitausema kama nilivyouona.

Wananiita Mzee Tofali. Shule niliiacha darasa la tatu (au shule iliniacha, ni mamoja), nikaanza kufyatua tofali, nikachoma, nikauza, nikajifunza kuzipanga kwa kumchungulia fundi mmoja Msukuma aliyekuwa hataki kuchunguliwa, na leo ukitoka Nyakahura mpaka Biharamulo mjini nitakuonyesha maduka, gesti na nyumba za walimu nilizosimamisha kwa mikono hii, na hakuna hata moja iliyopasuka. Sasa mtu wa namna hiyo umletee mchoro uliochorwa na binti anayemwamkia shikamoo, unategemea nini?

Binti mwenyewe anaitwa Jesca, amesomea majengo. Kamati ya uwanja ndiyo iliyomwomba achore vyumba vya kubadilishia nguo, kwa sababu vijana wetu walikuwa wanavua suruali kwenye mikaratusi mbele ya mama zao, na timu ilipopanda daraja wakubwa wa ligi wakasema bila vyumba hakuna mechi Nyakahura, mtakwenda kuchezea mjini kama yatima. Mwenyekiti wa kamati ni Hamisi wa duka la nguo (babu zake walifika huku na biashara kutoka pwani, na yeye mpaka leo anaongea kama amefika jana). Akaniambia, "Tofali ndugu yangu, mechi ya kwanza ikichezwa hapa ikaisha salama, uwanja umekubaliwa, na jukwaa la watazamaji unajenga wewe. Ikivurugika, tumezikwa wote, wewe juu yangu."

Nikautazama mchoro. Vyumba viwili vimepeana migongo kama mke na mume walionuniana, kimoja mlango wake unatazama barabarani, kingine mlango wake unatazama migombani, na kila mlango una njia yake ya kwenda uwanjani.

Nikamwuliza, "Binti, hii nyumba ya mbele yake ni wapi?"

"Babu, haina mbele. Kila timu ina mbele yake."

"Nyumba isiyo na mbele ni kaburi."

"Timu mbili hazitakiwi kukutana mlangoni, babu."

"Wanakwenda kupigana mateke saa nzima na nusu huko uwanjani, halafu mlangoni ndiyo wasionane?"

Akaanza kueleza, nami nikaanza kutafuta miwani ambayo sikuwa na haja nayo, na mazungumzo yakaishia hapo. Jesca akapelekwa kwenye kazi nyingine upande wa Ngara, na mimi nikajenga kama ninavyojenga gesti: mlango mmoja mpana wa mbao ya mninga unaotazama barabarani kama heshima inavyotaka, ukiingia unakuta korido, chumba cha kushoto, chumba cha kulia, kila chumba na benchi la saruji kuzunguka ukuta, na madirisha nikayatia nondo ili wezi wasisumbue. Ukuta wa migombani nikauacha mzima, nikaupiga lipu mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. (Mpira wenyewe siujui, nausikia tu kwenye redio ya kinyozi, lakini nyumba naijua, na niliona kama hao wenye mpira wamepata bahati kukutana na mimi.)

Siku ya mechi nikavaa suruali ya suti niliyoozeshea binti yangu, nikaenda mapema kufungua. Nikakuta siafu. Mvua ilikuwa imenyesha na wale wadudu wametoka migombani wamejipanga mstari mnene, wanaingia kwa mlango wangu wa mninga kama waalikwa. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu, Mama Editha, nipe majivu, akanijazia karai, nikayamwaga kwenye kizingiti chote, upande mpaka upande, na mengine nikayazungusha chini ya ukuta. Dawa ya siafu ni hiyo, bibi yangu alifanya hivyo, bibi yako pia. Nikakaa nikasubiri, nikaona nje hakuna siafu tena hata mmoja, nikajipongeza. Wazo la kwamba majivu kizingitini yanamzuia siafu kuingia na pia yanamzuia kutoka halikunijia. Ningejuaje, sikuwa nimewauliza wako wapi.

Wageni wakafika kutoka Ngara na Fuso, wanaimba. Wimbo ukafika mbele ya jengo langu ukakatika. Kocha wao, mtu mfupi mwenye taulo shingoni, akainama akatazama kizingiti, akanyoosha mkono kuwazuia wachezaji wake kama mtu anayezuia ng'ombe wasivuke lami.

"Haya nini?"

"Majivu," nikasema.

"Naona ni majivu. Ya nini?"

"Ya siafu."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Siafu wako wapi?"

Sasa hapo ndugu zangu ndipo nilipoanza kupotea, kwa sababu nilionyesha kidole chini, na chini hapakuwa na siafu. Wachezaji wake wakaanza kuguna. Mmoja akasema, "Mzee amemwaga uchawi wa nyuklia mchana kweupe!" Nikasema kama majivu yanawaudhi nayatoa, nikavua kofia nikaanza kuyapangusa, na kocha akapiga kelele, "Anafuta! Anafuta ushahidi, muoneni!" Nikaacha. Akasema, "Ameacha kwa sababu tumemuona!" Nikasimama tu na kofia yangu yenye majivu, sijui niivae au niishike.

Nikadhani basi timu yetu itaingia, ni wa kwetu, wananijua. Kumbe nao wamesimama upande wa pili wa mlango, wamekunja mikono. Nahodha wetu akaninong'oneza, "Mzee, sisi hatuwezi kutangulia. Anayetangulia ndiye anayebeba kila kitu kilichotegwa."

"Nani katega? Mimi ndiye niliyemwaga!"

"Hilo ndilo tatizo, mzee. Wewe umemwaga ya kwako, wao watamwaga ya kwao humo humo, mlango wenyewe mmoja."

"Basi watangulie wageni."

"Hapana! Na sisi hatupiti walipokanyaga wao."

Nikamtazama Hamisi. Hamisi akatazama mbinguni.

Kamisaa wa mechi, bwana mwembamba wa maneno machache, akaja na daftari lake akasema kanuni ni moja: timu zote mbili zivae ndani ya jengo, zitoke ndani ya jengo, la sivyo anaandika kwamba uwanja haufai na watu waende nyumbani. Watu walikuwa wamejaa, mama zetu wamekaanga ndizi, vijana wamepanda juu ya mikaratusi, na wote sasa wameacha kutazama uwanja wanatazama mlango.

Nikatoa shauri (mimi nina mashauri): waingie wawili wawili, mwenyeji na mgeni wameshikana mikono kama watoto wa komunio. Wakakubali! Wakajipanga, wakashikana, wakafika kizingitini, na nahodha wetu akamwambia mwenzake, "Tanguliza mguu." Mwenzake akasema, "Tanguliza wewe." Wakasimama hapo na miguu hewani kama korongo. Wakaachana. Nikasema basi wageni wapite dirishani.

"Dirishani kuna nondo," kocha akasema. "Nani aliweka nondo?"

Nikaanza kukung'uta majivu kwenye kofia.

Ndipo hasira ikanipanda, hasira ya mtu aliyejenga gesti nyingi na wageni wote wakaingia bila kujadiliana. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Nyumba yangu haina uchawi! Naingia mwenyewe, nakaa, mtaniona." Nikavuka majivu, nikaingia chumba cha kushoto, nikakaa kwenye benchi la saruji karibu na dirisha, nikakunja nne. Ndani giza giza, macho yangu nayo ndiyo hayo. Nikaita, "Mnaniona? Nimekufa?"

Kabla hawajajibu nikasikia kitu kwenye soksi.

Siafu hamng'ati mtu anapofika, hilo lijue. Anapanda kwanza, anaita wenzake, wanagawana maeneo, halafu wanauma wote kwa pamoja kama wamepigiwa filimbi. Sikumbuki nilivyotoka. Mama Editha anasema nilitoka kwa kuruka, na suruali ya suti ilikuwa imeshafika magotini nikiwa bado hewani, na nilipotua haikuwepo. Mbele ya kata nzima. Mbele ya mkwe wangu.

Sauti moja ikatoka juu ya mkaratusi: "Dawa imemrudia mwenyeweee!" Na vuvuzela zikaitikia.

"Ni siafu!" nikapiga kelele, najipiga mapaja. "Ni siafu, wapumbavu nyie, njooni muwaone!" Nani aje? Walirudi nyuma wote, wageni na wenyeji, na hiyo ndiyo mara ya kwanza siku ile timu mbili zilielewana. Mtunza vifaa wetu akanitupia bukta nyekundu ya timu, nikaivaa.

Kamisaa akafungua daftari lake aandike. Hamisi akakaa chini kwenye nyasi na kanzu yake nyeupe, akasema, "Basi. Tofali, umetuzika."

Jesca alikuwa amekuja kutazama mechi, sikujua. Akanisogelea taratibu, hakucheka (ningemwelewa kama angecheka), akasema, "Shikamoo babu. Ukuta wa migombani, chumba cha kulia. Ukitoboka pale, kila timu ina mlango wake."

"Ule wenye lipu?"

"Ule ule, babu."

Kamisaa akasema atasubiri kidogo. Nyundo kubwa ikaletwa, na fujo ikaanza upya: wetu wakitoboa, wageni hawapiti, wageni wakitoboa, wetu wanasema wataacha kitu ukutani. Kocha mwenye taulo akawaza, akanyoosha kidole kwangu. "Atoboe mzee. Yeye imeshamrudia, haina nguvu tena kwake." Na watu wote wakaitikia kwa vichwa, hata watu ninaosali nao, kana kwamba ni jambo linalofundishwa shuleni baada ya darasa la tatu.

Nikashika nyundo. "Subiri!" kocha akasema. "Amevaa bukta ya wenyeji."

"Nivae nini sasa, bwana?"

"Chochote kisicho na timu."

Ndiyo hivyo Mama Editha akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, kile chenye kuku na vifaranga, akanifunga mwenyewe kiunoni huku ananiambia kwa sauti ya chini, "Piga, baba Editha, piga tuondoke hapa." Nikapiga. Kila tofali likianguka watu wanashangilia kama goli. Nilichoma tofali zile mwenyewe, nikachanganya saruji bila kuiba, na sijawahi kuujutia ukuta imara kama siku ile, nilipiga mpaka mabega yakakataa, na wageni wamesimama nyuma yangu wanatazama kila kipande kinapodondokea. Tundu lilipomtosha mtu kupita, kocha akachungulia, akawaambia vijana wake, "Hili tumeliona likizaliwa." Wakapita, mmoja mmoja, wanainama. Nahodha wetu aliposikia wageni wameingia kulia akavaa viatu vyake vya mpira, akasema mlango sasa ni wetu peke yetu, na siafu wa Nyakahura tunawajua, wakaingia kushoto wakavaa jezi wamesimama juu ya mabenchi, wanapiga miguu kama ngoma.

Mpira ukachezwa. Ukaisha sare, na kila upande ukasema ungeshinda kama si tundu langu.

Kamisaa aliandika uwanja unafaa, ila tundu litiwe mlango, na Hamisi alinipa jukwaa kama alivyoahidi, ingawa siku hizi ananisalimia huku anatazama kiuno changu. Sikukubali upesi. Nilimwita Jesca nyumbani, nikampa kiti, na kabla hajafungua mchoro nikamwuliza swali ambalo tangu siku ile namwuliza kila anayetaka nimjengee, awe wa duka, wa kanisa au wa mpira, na bila jibu sigusi jembe: hapa nani anamwogopa nani? Mwenye duka mmoja wa mjini alinijibu haraka, "Hakuna anayemwogopa mtu, mzee, wewe jenga." Huyo kazi yake nimeikataa.