Sanduku la Baba Ndani ya Kompyuta

Mama hakuwahi kuacha kumwekea baba sahani. Tangu Wakasai, watu wenye asili ya jimbo la Kasai, walipofukuzwa huku Katanga, naye baba akapanda treni pamoja nao pale stesheni ya Kolwezi, kila mlo sahani yake iliwekwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe. Baba alizaliwa Kolwezi. Kasai aliijua kwa masimulizi ya babu tu. Mama, ambaye ni mtu wa huku huku Katanga, alibaki na mimi kumuuguza bibi, na sote tulidhani ni jambo la miezi michache. Bibi alikufa, kampuni ya migodi ikaanguka, treni zikawa za kubahatisha, na mimi nikakua hadi nikawa mwalimu wa kompyuta katika shule ya mapadri. Sahani ilikuwa bado mezani.

Baba naye alipata kazi ya ulinzi kwa mapadri wa shirika lile lile huko Kasai, nao wakampa anwani ya barua pepe. Ya kwake na ya kwangu zilitofautiana mwanzoni tu; mwisho wake ulikuwa mmoja, jina la shirika. Nilifurahi sana. Nilipopewa kompyuta ya kupakata ya shule, niliamua kuwa barua za mama zitapita humo.

Jumapili baada ya misa, mama aliketi mbele yake bila kuvua kitenge cha kanisani, mgongo umenyooka kama mtu aliyeenda ugenini. Alianza kwa kuwasalimu mashangazi wa Kasai kwa kufuata umri, na nikiruka mmoja alinirudisha nyuma. Nyumbani hatukuwa na mtandao. Kwa hiyo niliitengeneza kompyuta izishike barua, ikikutana na waya wa shule izipeleke. Na siku nikienda kufundisha Mutshatsha, ambako hakuna waya wowote, ivumilie. Nikaieleza pia kwamba jina la shirika ndilo nyumba yake. Kisha, kwa kumwiga mama na sahani yake, nikamfungulia baba sanduku la barua humo ndani, kwa jina lake lile lile, akirudi alikute tayari.

Barua zake zilitufikia vizuri, nikizichukua shuleni. Siku moja akauliza: "Mambo imetulia kule? Nirudi? Mukinyamaza, nitajua mumeshazoea bila mi."

Mama alicheka, akajifuta macho na ncha ya kitenge. "Andika: kuya. Usiongeze kitu."

Nikaandika neno hilo moja, njoo; hata mashangazi hakuwasalimu siku hiyo. Baba hakujibu. Jumapili iliyofuata tukaandika tena, na nyingine tena. Kila mara kompyuta ilisema barua imefika, tena upesi ajabu, na mimi nikajisifu kwa kazi yangu. Mwishowe likaja neno moja kutoka kwa baba: "Nimeelewa."

"Ameelewa nini?" mama akauliza.

Jioni ile alikikunja kile kitambaa, akaipeleka sahani kabatini. Tulikula bukari, ugali wa kwetu, sisi wawili tu, na niliona uchungu ambao sikuuona hata siku ile ya treni.

Mimi nina hasira za karibu. Wiki hiyo, nikiwa Mutshatsha, nilimwandikia baba barua yangu mwenyewe. Nilimwita mtu asiye na moyo, na mengine ambayo sitayarudia. Nikabonyeza kutuma nikijua itangoja hadi nirudi Kolwezi. Kompyuta ikasema imefika.

Imefika wapi, na waya hakuna?

Nikalifungua sanduku la baba. Zote zilikuwemo. Salamu za mashangazi, ile kuya na wenzake, na juu yake matusi yangu. Kompyuta ilifanya nilivyoiambia: hapa ndipo nyumbani, na baba ana sanduku lake hapa, basi kwa nini barua zake zitoke nje? Niliketi darasani peke yangu, nikaona aibu iliyonichoma masikio.

Nilirudi nikamweleza mama kila kitu. Sikumficha hata matusi. Alisikiliza, kisha akauliza inatengenezwa namna gani.

"Inabidi nimutoshe baba mule," nikasema. "Nifute sanduku yake. Mashini isimuhesabu tena mutu wa hapa."

Hapo mkono ukagoma. Nilikuwa mtoto walipomtoa mara ya kwanza, sikufanya lolote, nilimshikia tu godoro lake pale stesheni. Sasa ningemtoa mimi, kwa kidole changu. Mama aliona, akanishika bega.

"Umutoshe, mutoto yangu. Ukimutosha, njo atakuya."

Nilizinakili barua za mama pembeni, ya kwangu nikaitupa, nikamfuta baba. Kesho yake, kwenye waya wa shule, zilichukua muda mrefu kuondoka, na safari hii kuchelewa kule kulinifurahisha. Jibu lilikuja kabla sijafunga darasa: "Nangojea treni."

Aliingoja, na njiani ikaharibika mara nyingi, lakini alifika, mwembamba, na kofia nisiyoijua. Mama alitoa sahani kabatini, akaipangusa ingawa ilikuwa safi, akampakulia. Baba alipokuwa anakula, mama alinigeukia.

"Na mule mu mashini," akasema, "umurudishe."

Nikamfungulia tena.