Mbaazi za Susu na Treni ya Mizigo

Kila nikisikia harufu ya dizeli imechanganyika na vumbi la mbaazi kavu, kama leo hapa sokoni, namwona nyanya yangu kando ya reli, nje kidogo ya Mtito Andei, ameshika ungo. Tulimwita Susu.

Msimu ule upepo ulikuwa umekataa kabisa. Kupepeta ni rahisi ukielewa: unamwaga mbaazi kutoka juu, zenyewe ni nzito zinaanguka, makapi yanachukuliwa na upepo. Bila upepo, vyote vinaanguka pamoja. Na mawingu yalikuwa yanakuja. Mbaazi zile zikilowa, tungekosa chakula na mbegu pia. Basi Susu akanichukua hadi kando ya reli, akatandika gunia chini.

Mlinzi wa reli akaja mbio. "Susu, toka hapo. Hapa si shambani."

"Reli ni ya serikali," Susu akajibu bila kumtazama. "Upepo ni wa Mungu."

"Upepo gani? Hata jani halitingishiki."

"Ngoja, unaletwa."

Treni ya mizigo ikatokea kwenye kona. Susu akarudi nyuma kidogo, akainua ungo. Mabehewa yakanguruma, na kila behewa likaja na upepo wake. Mbaazi zikaanguka safi kwenye gunia. Makapi yote yakamwendea mlinzi, mpaka kwenye kope.

Nilijua sasa tutafukuzwa. Susu akampangusa bega kwa leso yake.

"Haya, mwanangu. Ile ingine inapita saa ngapi?"

Mlinzi akatema makapi, akatazama mawingu, kisha akainama kunyoosha gunia.

"Saa kumi," akasema. "Na hiyo ni ndefu zaidi."