Mizani Juu ya Zulia

Mjinga ni mimi niliyeiamini mizani ya mtumba. Siku nainunua mnadani niliipanda palepale, ikasoma kilo themanini. Bafu letu hapa Chang'ombe liko uani, basi nikaiweka sebuleni juu ya zulia nene, wageni waione. Baada ya wiki mbili za uji usio na sukari, nimechoka hata kufagia, ikasoma sabini. Mbio nikampelekea fundi gauni langu la sare ya harusi ya mdogo wangu, alibane.

Jumamosi, gari la harusi likipiga honi nje, zipu ikagoma mgongoni. Jirani yangu Mama Asha akaivuta mpaka jasho likamtoka. Akaishusha mizani kwenye sakafu tupu, akaniamuru nipande. Themanini.

"Mama Neema, hujapungua hata robo. Jifunge khanga mgongoni, twende ukale pilau."